Maneno ya Bhoke, Wazi kwa Wote

Bibi Wankuru alifariki mwezi uliopita, na aliyenipigia simu kunijulisha ni Bhoke mwenyewe. Nilikuwa maktaba, kwenye chuo ninakofanya kazi, nikiwaelekeza wanafunzi wawili wa uzamili namna ya kuweka tasnifu zao kwenye hazina yetu ya mtandaoni, ili mtu yeyote popote alipo aweze kuzisoma bure. Ndiyo kazi yangu siku hizi, kufungua milango ya maandishi. Nilikuwa nimefika kwenye swali ninalomuuliza kila mwanafunzi, "Watu uliowahoji wanajua nani atayasoma haya?" na simu ikaita. "Rhobi, mama ametutoka," Bhoke akasema. "Tunazika Ijumaa. Njoo kama utaweza." Jibu la wale wanafunzi sikulisikia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, na kilichonijia kwanza hakikuwa sura ya marehemu. Ilikuwa harufu ya mgagani ukichemka na maziwa kwenye chungu, ndani ya jiko la Bhoke, ule mwaka nilioishi kwa kubeba maneno ya watu wengine.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na nilikuwa nasubiri ajira, kama wenzangu wote. Daktari Eliamani, mhadhiri kutoka Dar es Salaam, alikuja Serengeti kufanya utafiti kuhusu ndoa za nyumba ntobu, akahitaji mtu anayejua Kikurya na Kiingereza kwa pamoja. Nikapata mimi. Tulipanga vyumba viwili Mugumu, nyuma ya duka la dawa za mifugo, na hadi leo nikinusa dawa ya kuogeshea ng'ombe nasikia njaa, kwa sababu kila asubuhi tulikunywa chai na chapati tukiwa katikati ya harufu hiyo. Daktari alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa kushtukiza. Kila kijiji tulichofika, watu wakisikia anaitwa Daktari walimletea watoto wenye homa. Mwanzoni alijieleza kwamba yeye ni daktari wa vitabu. Baadaye aliacha kujieleza, akawa anawapakia wagonjwa kwenye gari na kuwapeleka zahanati, kisha tunaanza mahojiano tukiwa tumechelewa. "Tunachukua kwao," aliniambia siku moja akifuta vumbi kwenye miwani. "Angalau tuwape lifti."

Kwa asiyejua, nyumba ntobu ni hivi. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, akishafiwa na mume, anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti kwa ajili ya nyumba yake. Watoto atakaowazaa huyo binti, hata baba yao awe nani, ni watoto wa nyumba ile. Bibi Wankuru wa Nyansurura alikuwa ameoa kwa namna hiyo, na aliyeolewa ni Bhoke. Nilipowafahamu, bibi alikuwa na mvi kichwa kizima, Bhoke alikuwa na miaka kama thelathini, na walikuwa na watoto watatu, mkubwa akiwa Nyangi, msichana wa sekondari mwenye maswali mengi. Nieleze mapema kwamba sijaandika jina la mtu yeyote, wala la kata yao, kama lilivyo. Nitasema pia kwamba bibi aliuza ugoro, lakini si kweli. Aliuza kitu kingine, na mwenye kujua sababu ya kukificha ataielewa akifika mbele. Simulizi hii nimemsomea Bhoke yote kwa simu. Amenikatia sehemu mbili, nami nimezitoa.

Tuliwapenda wale wanawake wawili tangu siku ya kwanza. Nyumba yao ilikuwa ya tofali za kuchoma, na jiko lilikuwa kibanda cha pembeni chenye paa la nyasi. Bhoke alikuwa anapika, bibi anaketi mlangoni akichambua mboga, na maneno yao yalipishana bila mmoja kumtazama mwenzake. "Chumvi umeweka?" "Nimeweka, mama." "Umeweka ya jana au ya leo?" Na Bhoke anacheka. Tulipowasomea fomu ya idhini, kwamba majina yao hayatatajwa, kwamba wana hiari ya kuacha wakati wowote, bibi alinisikiliza hadi mwisho halafu akauliza swali ambalo hakuna fomu iliyolijibu. "Hayo mtakayoandika, sisi tutayaona?" Nilimtafsiria Daktari. Mimi nikajibu kabla yake. "Mtayaona, bibi. Nakuahidi." Bibi akaniambia kuna mzungu aliwahi kuja zamani, akapima ng'ombe wao, akapima na shamba, akaondoka, na mpaka leo hajui yule mtu alikuta nini. "Labda alikuta kitu kibaya," alisema. "Labda alikuta kizuri. Si angetuambia?"

Bhoke alihojiwa peke yake, kwenye kivuli cha ghala la mahindi, bibi akiwa ameenda mnadani. Daktari aliuliza kwa Kiswahili, Bhoke akaanza kujibu kwa Kiswahili, halafu yalipomkaza akahamia Kikurya na Daktari akabaki ananitazama mimi. Aliongea muda mrefu. Alisema alipoletwa alilia hadi sauti ikapotea. Alisema aliwahi kufunga nguo zake mara mbili ili aondoke, na mara zote mbili alizifungua. Kisha akasema maneno haya, nami nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu nimeyasoma mara nyingi mno: "Mama ananipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wa maziwa. Ananilisha, ananikinga na mvua, na hawezi kufikiria kuniuliza kama nataka kukaa." Nilipomtafsiria Daktari, aliacha kuandika. Mimi nilisikia mwili ukinisisimka, na nasikitika kusema kwamba haukuwa msisimko wa huruma. Ulikuwa ule wa mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani.

Makala ilikamilika haraka kuliko tulivyotegemea, nayo ikatugombanisha. Daktari alikuwa na jarida moja la nje, lenye sifa, ambalo lingemsaidia kupanda cheo. Lakini ilikuwa ni lazima ulipie kulisoma, na bei ya kusoma makala moja ingelisha nyumba ya bibi kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimegundua majarida huria, yanayochapisha mtandaoni na kumwachia kila mtu asome bure, na nilikuwa nimelipata moja ambalo halikuwatoza ada waandishi wa nchi zetu. Pia lilitaka mahojiano yenyewe, yakishaondolewa majina, yawekwe wazi pamoja na makala ili watafiti wengine wayatumie. Tulibishana asubuhi nzima, chai ikapoa. "Tuliwaahidi wataona," nilisema. "Tukiwafungia nyuma ya malipo tutakuwa kama yule mzungu wa ng'ombe." Daktari alizungusha kikombe. "Rhobi, wazi kwa wote maana yake ni wote. Si bibi tu. Na jirani yake." "Majina tumeyatoa." "Tumeyatoa, ndiyo," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaridhika ila hana hoja. Akakubali. Nilijiona mshindi. Leo nikiwaza ile asubuhi, kinachoniumiza ni kwamba hoja yangu ilikuwa sahihi, na bado ningeisimamia mbele ya kamati yoyote. Hata Daktari alikuwa sahihi. Ambaye hakuwepo mezani ni mwenye maneno.

Kazi ya kusafisha mahojiano ilikuwa yangu. Niliondoa majina, nikaondoa kitongoji, umri nikauacha wa kukadiria. Kata sikuiondoa, kwa kuwa Daktari alihitaji kutofautisha Nyansurura na kata nyingine tulizopita. Na niliacha kwamba bibi aliyemwoa anauza ugoro, kwa sababu bila ugoro yule bibi alikuwa kivuli tu, na kwa ugoro akawa mtu. Niliacha pia sentensi ya ng'ombe wa maziwa. Tena Daktari aliipandisha hadi kwenye kichwa cha makala, kwa pendekezo langu. Wakati ule sikujua kwamba kuficha jina ni kumficha mtu kwa wageni. Kwa majirani umemtaja tayari.

Ilipotoka nilifurahi kama mtoto. Nilinunua bando, nikaifungua kwenye simu, nikatazama jina langu likiwa la pili, baada ya la Daktari, nikampelekea kila mtu niliyemjua. Chuo kimoja kilikuwa kimetangaza nafasi za masomo ya uzamili kwa ufadhili. Nikaambatisha makala kwenye maombi yangu. Nilipanga kwenda Nyansurura kuwasomea bibi na Bhoke, nikitafsiri taratibu, nikiruka pale panapohitaji kurukwa. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba nitaruka. Lakini mvua zilinyesha, barabara ikaharibika, nikaahirisha wiki hii na ile. Nikachelewa.

Aliyewahi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari ya kata, kijana mwenyeji wa Tanga, aliyepangiwa kazi huku na kuipenda. Alikuwa akitafuta mtandaoni habari za Nyansurura za kuwasomesha wanafunzi wake, akakutana na makala yetu, bure, haina kufuli. Baadaye aliniambia alifurahi sana; hajawahi kuona mahali anapofundisha pakitajwa kwenye jarida la kimataifa. Kikao cha wazazi kilipofika, kabla ya ajenda ya paa la maabara, akasimama na simu yake. "Wazazi wangu, dunia inatusoma," alisema, akaanza kusoma kwa Kiingereza na kutafsiri kwa Kiswahili, na mzee mmoja aliyeketi mbele akageuza kwa Kikurya kwa ajili ya wasioelewa Kiswahili. Bibi Wankuru alikuwepo. Alikuja kama mlezi wa Nyangi, amevaa kitenge chake kipya. Mwalimu alipofika kwenye ugoro watu walianza kugeuka. Alipofika kwenye ng'ombe wa maziwa wazazi wote walikuwa wamenyamaza, na yeye, maskini, alidhani wameguswa na uzuri wa maneno, akarudia. Bibi hakutoka. Alikaa hadi ajenda ya paa ikaisha, akanyoosha mkono kukubali mchango, akaaga, akatembea nyumbani.

Bhoke alinipigia siku mbili baadaye. "Ulisema hutataja jina." "Sikutaja, dada." "Ndiyo," alisema. "Hukutaja." Nilisikia kuku nyuma yake, na mtoto analia. Kisha akasema, "Mama hali chakula changu," akakata simu.

Nilifika kesho yake kwa bodaboda, nimelowa matope hadi magotini. Uani kulikuwa na meko mawili. Moja lilikuwa kwenye kibanda cha jiko, kama siku zote. La pili lilikuwa mawe matatu mapya nyuma ya nyumba, na bibi ameinama akipuliza moto, mwanamke ambaye kwa miaka mingi hakuwa amejipikia. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, kaa. Umelowa." Alinipa kigoda. Hakunilaumu. Aliniletea ugali na dagaa, akaketi kunitazama nikila. Sijamaliza, Bhoke akatoka jikoni na sahani yake, ugali na mgagani wa maziwa, akaiweka mbele yangu, akarudi ndani. Nilikula zote mbili. Nilikula hadi nikashindwa kupumua, nikijua kwamba nikiacha tonge moja upande wowote nitakuwa nimechagua. Watoto walikuwa mlangoni wakinitazama. Nyangi peke yake hakunitazama. Alikuwa anafua sare yake kwa nguvu ya ajabu.

"Wazungu nao wamesoma?" bibi aliuliza.

"Wamesoma, bibi."

"Na hata nikifa wataendelea kusoma?"

Nilitaka kusema hapana. "Wataendelea," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. "Sikatai kwamba amesema," aliniambia. "Mtu ana mdomo wake. Ila tumelala nyumba moja miaka yote hii, akakuambia wewe. Na wewe ukamwambia kila mtu. Mimi nikawa wa mwisho."

Hapo ndipo nilipoelewa, na sijaacha kuelewa tangu siku hiyo. Tulikuwa tumeahidi kumfungulia bibi mlango, tukaufungua kwa dunia nzima, na yeye akaingia nyuma ya wote.

Bhoke ndiye aliyenidai kitu. Alinifuata hadi njiani nilipokuwa nasubiri bodaboda. "Ile sauti yangu bado unayo?" Nilikuwa nayo, sauti hatukuiweka wazi. "Njoo nayo. Asikie yote. Asisikie vipande vyenu." Nikamuuliza kama ana uhakika, kwa sababu kulikuwa na mengine humo, makali zaidi. "Sasa nifiche nini?" akasema. Wiki iliyofuata nilikwenda na kinasa sauti, tukaketi watatu ndani ya nyumba, mchana, mlango umefungwa na watoto wametumwa mtoni. Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho. Aliisikia ile ya kilio na ile ya nguo kufungwa na kufunguliwa. Alisikia pia habari ya Bhoke kutokwa damu baada ya kuzaa mtoto wa pili, na yeye bibi kumbeba mgongoni hadi barabara kuu, habari ambayo sisi tuliikata kwa kuwa haikuingia kwenye hoja. Sauti ilipofikia sentensi ya ng'ombe, Bhoke wa kwenye kinasa alikuwa anacheka kidogo, kicheko kikavu cha mtu anayekaribia kulia. Kwenye makala hakuna kicheko. Ilipoisha bibi alifumbua macho akamtazama Bhoke, si mimi. "Unataka kukaa?" alimuuliza. Bhoke alijibu, "Sijui, mama. Hakuna aliyewahi kuniuliza." Nikaona sina haki ya kuwa mle ndani. Nikatoka.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo walikula chungu kimoja. Walikula, baadhi ya siku. Mawe matatu hayakuondolewa. Mwisho wa mwaka Bhoke alimchukua mtoto mdogo, akaenda Robanda, akapata kazi ya jikoni kwenye kambi ya watalii. Wawili wakubwa walibaki na bibi ili wamalize shule. Mara aniambie kwamba angeondoka hata bila sisi, mara aseme kwamba asingeondoka kamwe. Nadhani zote mbili ni kweli kwake kutegemea siku. Mwalimu wa Tanga aliomba uhamisho, ingawa hakuna aliyemfukuza. Nasi tukaanza kuhangaika kuifuta makala. Daktari aliandika kwa mhariri, akaeleza bila kujitetea, akaomba iondolewe yote. Waliiondoa, wakaacha ukurasa mmoja unaosema kwamba imeondolewa kwa sababu za kimaadili kwa ombi la mwandishi mkuu. Lakini kitu kilichokuwa wazi huwa kimeshachukuliwa. Niliikuta kwenye tovuti tatu nyingine, nikaziandikia, moja ilijibu. Hadi leo nikitafuta sentensi ile, inatokea mahali.

Daktari hakunitaja kwenye maelezo yake. Nilipompigia kumwambia kwamba kuacha ugoro ni kazi ya mikono yangu, alisema, "Mimi ndiye niliyesaini." Kupanda cheo kulimpita mwaka ule na uliofuata. Mimi ufadhili niliupata. Kamati ilikuwa imeisoma makala kabla haijaondolewa, na mzee mmoja wa kamati aliniambia, akinishika mkono, kwamba ile sentensi ya ng'ombe hataisahau. Nilisema asante. Masomo yangu, kazi yangu, ofisi yenye dirisha la kuangalia bustani ya chuo, vyote vimeanzia kwenye ua ambako wanawake wawili walipikiana kwa miaka na siku moja wakaacha. Ninawafundisha wanafunzi kwamba elimu ifunguliwe, na ninaamini ninachowafundisha. Kisha nawauliza lile swali langu, na wengi hudhani ni la utaratibu tu.

Ijumaa tulimzika bibi nyuma ya nyumba. Watu walikuwa wengi, hata waliokuwepo kwenye kile kikao cha wazazi. Baada ya mazishi nilimkuta Bhoke kwenye masufuria, ametawala jiko zima la msiba, sauti yake ikipanga nani akate nyama na nani aongeze maji. Amenenepa, ana nywele fupi zilizoanza mvi. Nilichukua jivu na gunzi nikaanza kusugua sufuria karibu naye. Nikasema yale ninayosema kila Krismasi nikimpigia simu, kwamba sijasahau, kwamba naomba anisamehe. Aliendelea kusuuza sufuria lake hadi nikadhani hajasikia.

"Rhobi," alisema, "miaka yote hii ukinipigia unaniomba msamaha. Nakupa, mwaka unaofuata unaomba tena. Ukiomba mimi narudishwa kwenye kile kikao ambacho hata sikuwepo." Akamwaga maji machafu pembeni, akajifuta mikono kwenye kanga. "Nyangi amejifungua. Mimi ni bibi sasa, mtoto anatambaa. Hujawahi kuniuliza hata jina lake."

Ni kweli. Nilikuwa nimejaa kosa langu hadi sikubakiza nafasi ya habari zake.

"Anaitwa nani?" nikamuuliza.

Akanitazama kwanza, muda mrefu kidogo, kama anayenipima. Kisha akanitajia. Ni jina zuri. Sitaliandika hapa.